Kupiga Picha za Mtaani Ukiwa na Mbwa: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Tanga

Malalamiko ni yale yale. Picha imetoka na ukungu. Bahari imelala upande. Mbwa anaonekana mkia tu. Au picha ilikuwa inakuja vizuri, mbwa akaona baiskeli, simu ikaenda kuangukia lami. Wengine picha hawakuipata kabisa. Walichopata ni maneno ya jirani.

Niseme mapema kwamba tatizo karibu kila mara si simu. Watu wanajaribu kupiga picha huku wanatembea, mkono mmoja unavutwa na mnyama mwenye haraka zake. Hilo haliwezekani hata kwa kamera ya mamilioni. Kanuni ya mwongozo huu ni moja: mbwa akitembea, simu iko mfukoni, mbwa akisimama, ndipo simu inatoka. Yote yanayofuata ni namna ya kuifanya kanuni hiyo iwe nyepesi.

Nazungumzia picha za kawaida tu: mlango wa zamani, ngalawa zimepwelewa, muuza kahawa na dele lake, kivuli cha mwembe ukutani. Anayetaka picha za harusi aende kwa wenyewe.

## Vitu vya kuandaa

Simu yenye kamera. Yoyote uliyonayo. Hakikisha ina chaji zaidi ya nusu na nafasi ya kutosha, maana hakuna kinachoudhi kama simu kukuambia imejaa wakati jahazi linapita.

Kamba ya mbwa ya mita moja na nusu hivi. Kamba bapa ya kitambaa au ngozi inashinda mnyororo. Mnyororo unakata vidole mbwa akivuta, na kelele zake zinawashtua watu kabla hujafika. Zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio ziache nyumbani; zinampa mbwa mita tano za kufanya atakalo, na barabara zetu zina bajaji.

Ukanda wa kifuani, ikiwa mbwa wako ni wa kuvuta. Ukanda wa shingoni unamkaba, na akikabwa anazidi kuvuta.

Vipande vya zawadi. Maini yaliyochemshwa bila chumvi na kukatwa vipande vya ukubwa wa ukucha yanatosha. Dagaa wakavu pia wanafaa, ila waoshe chumvi kwanza. Usimpe vitunguu wala chokoleti, vinamdhuru.

Kitambaa laini cha pamba. Kipande cha khanga kuukuu, iliyofuliwa hadi ikalegea, ndicho bora.

Gazeti la zamani au mifuko ya khaki kwa ajili ya kinyesi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usitegemee kuokota mmoja njiani. Gazeti linatosha: funika, kunja, okota, peleka jalalani. Mtu anayeokota kinyesi cha mbwa wake mtaani kwetu hutazamwa kwa mshangao, lakini hafukuzwi.

Maji na kibakuli chochote chepesi.

Viatu visivyoteleza. Makubadhi ni mazuri kwa mambo mengine. Hapa yatakuangusha, na utaona sababu kwenye Hatua ya 5.

Kipo kimoja kisichobebwa mkononi: chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Ipige picha kadi yake ya chanjo uiweke simuni. Mtu akikuuliza njiani, "Huyo amechanjwa?", unamwonyesha na maneno yanaisha hapo hapo. Kama hajachanjwa, mwongozo huu unaishia hapa kwako mpaka akachanjwe.

## Hatua ya 1: Itayarishe simu ukiwa bado nyumbani

Mambo haya hayafanywi barabarani, maana barabarani una mkono mmoja.

Fungua mipangilio ya kamera, washa mistari ya gridi. Ile miwili inayolala ndiyo itakayonyoosha bahari yako. Zima flashi, kwa sababu ikimmulika mbwa usoni macho yake yanatoka mataa mawili ya kijani, na mbwa mwenyewe hatakuamini tena. Zima na sauti ya kupiga picha.

Kisha jifunze mambo mawili bila kutazama. La kwanza, kufungua kamera haraka: kwenye simu nyingi za Android unabonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili. La pili, kupigia picha kwa kitufe cha sauti kilicho ubavuni. Kidole gumba kinachonyooshwa kutafuta duara katikati ya kioo ndicho kinachotikisa simu. Kitufe cha ubavuni kinabonyezwa bila mkono kuhama.

Futa lenzi. Fanya hivi kila mara kabla ya kutoka, hata kama unaiona safi. Hewa ya bahari inaacha chumvi juu ya kioo, jasho la mfukoni linaongeza mafuta, na matokeo yake ni ule ukungu ambao watu wanausingizia simu. Pulizia pumzi kidogo, futa kwa mzunguko na kile kipande cha khanga.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kutoa simu mfukoni, kufungua kamera na kupiga, yote kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili umeshika ndoo ya maji bila kumwagika. Jaribu. Ndoo ni mpole kuliko mbwa.

## Hatua ya 2: Chagua saa

Tanga jua huchomoza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu asubuhi, likichelewa kidogo zaidi katikati ya mwaka, na huzama saa 12 na dakika zake jioni. Saa moja baada ya kuchomoza na saa moja kabla ya kuzama ndiyo mwanga unaoupamba ukuta wa chokaa, ukaonyesha mikwaruzo ya mlango na mawimbi ya mabati.

Kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri usijisumbue. Vivuli vinaingia machoni pa watu, anga inakuwa nyeupe. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba ni mbaya zaidi, kwa sababu mji uko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta na siku hizo jua la mchana linakaa utosini kabisa. Mwembe mzima unabaki na kivuli cha kujifunika wenyewe.

Kuna na sababu ya mbwa: lami. Weka mgongo wa kiganja chako barabarani uhesabu polepole hadi saba. Ukishindwa kufika, nyayo zake nazo zitashindwa.

Sasa la asubuhi, ambalo wageni wa mji hawalifikirii. Usitoke wakati watu wanaingia au wanatoka kuswali alfajiri. Vichochoro vimejaa waliotawadha, na giza bado lipo. Subiri watu wafike makwao, mwanga utakate, ndipo utoke. Jioni ni kinyume chake: mwanga mzuri unaishia pale pale magharibi inapoadhiniwa. Kwa hiyo jioni usiende vichochoroni, nenda ufukweni. Na usishangae mbwa wako akiitikia adhana kwa kulia. Wengi hufanya hivyo. Ondoka naye tu taratibu, usimpigie kelele, maana kelele zako zitasikika zaidi kuliko zake.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, yana faida yake. Mawingu yanatandaza mwanga laini, unaofaa kwa nyuso, milango na mboga za gengeni. Kwa bahari haufai, inatoka ya kijivu. Ila madimbwi ya mvua ni kioo cha bure.

## Hatua ya 3: Panga njia

Usitoke tu. Kila mtaa una tabia yake.

Raskazone ndipo pa kuanzia. Barabara ni pana, miti mikubwa, watu wachache, na wakazi wamezoea kuona mbwa. Kero ni moja, mbwa wa ulinzi nyuma ya mageti. Tembea upande wa pili wa barabara unapopita kwenye geti lenye mbwa, la sivyo picha yako ya mwisho itakuwa ya wewe ukiburutwa.

Bustani ya Jamhuri ni nzuri kwa bahari. Ukisimama ukingoni unaelekea kaskazini, Kisiwa cha Toten kiko mbele yako. Maana yake asubuhi mwanga unatoka kuliani, jioni kushotoni, na nyakati zote mbili unapiga maji na vyombo ubavuni, ndiyo sababu vinaonekana vimenyanyuka. Desemba jua la mchana liko mgongoni kwako. Juni na Julai liko mbele yako, kwa hiyo miezi hiyo usipige kisiwa karibu na adhuhuri, kitatoka cheusi. Na angalia maji. Wakati wa bamvua bahari inapwa mbali sana na mitumbwi inabaki imekaa kwenye tope. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hivyo hata bila jedwali la maji unaweza kupanga kwa kutazama juu.

Ngamiani, kule kwenye barabara zenye namba, ndiko kwenye utajiri wa picha, na ndiko unakohitaji adabu kuliko kwingine. Vibaraza, mafundi baiskeli, milango iliyopakwa rangi juu ya rangi, ushonaji nje ya maduka. Lakini nafasi ni ndogo na watu ni wengi. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi hapa pwani, mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Mtu aliyekwisha tawadha, kanzu imepigwa pasi, pua moja tu ya mbwa wako inamrudisha nyumbani. Hana chuki na mbwa wako wala na wewe. Mpe nafasi. Shika barabara pana, ingia asubuhi kabla hakujachangamka, na mbwa mwekee upande wa ukuta, wewe upande wa watu.

Mahali pa kuepuka na mbwa: mbele ya misikiti, soko la samaki (mbwa na kapu la samaki hawapatani, na mwenye kapu ana kisu), na milango ya shule watoto wanapoingia. Mahali pa kutoelekeza kamera kabisa, una mbwa au huna: bandarini, kituo cha polisi, kambi za jeshi, magereza. Hospitali ya Bombo iko njiani kwa anayekwenda Raskazone, na majengo yake ya zamani yanavutia macho, lakini wagonjwa na jamaa zao hawakwenda pale kupigwa picha. Pita.

## Hatua ya 4: Mfundishe mbwa kusimama

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo kila kitu kinapoharibika. Mbwa asiyejua kusimama hawezi kukupa picha, ataivuruga tu.

Anza uani, si barabarani. Mfunge kamba, tembea naye hatua chache, kisha simama ghafla na useme neno moja, kila siku lile lile: "Simama." Usivute kamba. Subiri. Atafika mwisho wa kamba, atashangaa, atageuka kukutazama. Sekunde hiyo hiyo anayogeuka, mpe kipande cha ini. Akikaza kamba na kuendelea kuvuta, usimpe kitu wala usisogee. Ukisogea wakati anavuta, umemfundisha kwamba kuvuta ndiyo njia ya kwenda mbele, na hilo hatalisahau.

Fanya hivyo dakika 5 asubuhi na 5 jioni. Zaidi ya hapo anachoka na wewe unaanza kupandisha sauti.

Akishaelewa, ongeza simu. Simama, sema "simama", toa simu mfukoni, inyanyue usoni, irudishe, mpe zawadi. Usipige picha yoyote bado. Unachomjengea ni mazoea kwamba simu ikitoka, kukaa kimya kuna faida. Baada ya hapo ongeza muda kidogo kidogo: sekunde 3, kisha 5, kisha 10. Sekunde 10 ni nyingi sana kwa picha moja.

Mwishowe mletee vishawishi: mtoto apite na baiskeli nje ya geti, kuku wapite. Usilidharau la baiskeli. Mji huu una baiskeli nyingi, na mbwa wengi huona gurudumu linalozunguka kama kitu cha kukimbiza. Akiona baiskeli inakuja, mpe ini kabla haijafika karibu, moja baada ya jingine, mpaka ipite. Baada ya siku kadhaa akiona baiskeli atakutazama wewe.

Usitoke naye na simu mpaka uone hili: unatoa simu mfukoni, na mbwa mwenyewe, bila kuambiwa, anasimama na kukutazama.

Mbwa wa kienyeji hufundishika vizuri tu. Wapo wanaoamini kwamba mpaka awe wa kizungu. Wamedanganywa na wauzaji.

## Hatua ya 5: Kamba huku, simu kule

Pitisha kidole gumba kwenye kitanzi cha kamba, kisha funga ngumi juu yake. Usikizungushe kwenye kifundo cha mkono. Mbwa mkubwa akiruka, kamba iliyozungushwa inavunja, iliyoshikwa inaachika.

Ukisimama kupiga picha, fanya hivi: teremsha kamba, ikanyage kwa mguu mmoja mahali ambapo mbwa anaweza kusimama na kukaa kwa raha, lakini hawezi kuruka mbele. Kitanzi kinabaki mkononi. Sasa uzito wake uko chini ya soli yako, na mikono yote miwili inaweza kushika simu. Ndiyo sababu ya viatu visivyoteleza.

Banisha viwiko mbavuni. Toa pumzi, kisha bonyeza. Mikono iliyonyooshwa mbele inatetemeka, na mtetemo huo ndio ukungu wa pili baada ya ule wa lenzi.

Tahadhari: usiikanyage kamba ukingoni mwa barabara yenye magari, wala kwenye ngazi. Ikiwa mbwa ni mkubwa kuliko nguvu zako, toka na mtu wa pili. Si aibu.

Jaribio la kujipima ni jepesi. Tazama picha, ivute karibu mpaka uone maandishi ya kibao au nyuzi za wavu. Zikisomeka, mikono yako imetulia.

## Hatua ya 6: Iache pua ikuchagulie

Mbwa husimama kila baada ya hatua chache kunusa. Watu wengi humvuta waendelee. Usimvute. Vituo vyake ndivyo vituo vyako vya picha, na ni bure, hugharimii hata ini.

Akiinamisha pua, wewe inua macho. Ana sekunde 20 au 30 za shughuli yake pale chini ya mwarobaini. Geuka taratibu, tazama pande nne, na tafuta kitu kimoja tu. Kimoja. Picha nyingi za mtaani zinashindwa kwa sababu zina nyaya, bodaboda, bango la soda, mtu nusu, na mlango uliokusudiwa uko kwa mbali. Sogea hatua mbili karibu na unachokitaka. Usivute kwa vidole juu ya kioo. Kwenye simu nyingi kufanya hivyo ni kuikata picha tu na kuipunguzia ubora. Miguu ndiyo lenzi yako.

Ukipiga bahari, weka mstari wa maji juu ya mojawapo ya ile mistari inayolala, wa juu au wa chini, usiuweke katikati. Anga ikiwa na mawingu ya kupendeza, ipe nafasi kubwa. Ikiwa tupu, ipe kidogo, ujaze mchanga na vyombo.

Ukipiga mlango au ukuta, simama uuelekee moja kwa moja. Ukisimama kidogo pembeni, mistari inaangukia upande na mlango unaonekana umelewa.

Baada ya picha mbili au tatu, mbwa atainua kichwa. Sema "twende", rudisha simu mfukoni. Mfukoni, si mkononi. Simu iliyobaki mkononi ndiyo inayoanguka, na ndiyo inayopokonywa na wa bodaboda.

## Hatua ya 7: Mbwa mweusi, mchanga mweupe

Kamera haijui inatazama nini. Inajaribu kuufanya ulimwengu wote uwe na mwanga wa wastani, wa kijivu. Ndiyo maana mbwa mweusi akijaza picha, simu inaongeza mwanga hadi manyoya yake yanakuwa kama majivu na nyuma yake panaungua. Na ukipiga kanzu nyeupe au mchanga wa jua kali, inapunguza, vinatoka vichafu.

Dawa: gusa kioo mahali pa kitu unachokitaka. Simu nyingi zinatoa alama ndogo ya jua au mstari pembeni. Kwa mbwa mweusi, itelezeshe chini kidogo mpaka weusi uwe weusi kweli. Kwa kanzu na mchanga, itelezeshe juu. Ukibonyeza na kushikilia kidole kwenye simu nyingi, fokasi (mahali kamera inapopaona kwa ukali) na mwanga vinafungwa hapo, hata mbwa akisogea havibadiliki.

Kama simu yako ina sehemu ya kurekebisha kwa mkono, chagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa picha moja: 1/250 ya sekunde kwa mbwa anayenusa, 1/500 anayetembea haraka, na 1/1000 anayekimbia. Kadiri kasi inavyopanda, picha inahitaji mwanga zaidi, hivyo magharibi inapoingia acha kuhangaika na mbwa anayekimbia.

## Hatua ya 8: Watu, na namna ya kuwaomba

Salamu kwanza, mbwa mbali, simu haijatoka. Mpangilio ni huo na haubadiliki. Ukifika simu imeshainuliwa, umeshajibiwa hapana kabla hujauliza.

Chukua mfano wa bibi anayekaanga vitumbua barazani asubuhi. Simama hatua tano au sita mbali, upande ambao upepo hautoki kwa mbwa kwenda kwenye kikaango. Kanyaga kamba. Halafu:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hilo jibwa lako lisinisogelee."

"Halisogei, bibi, nimelikanyagia kamba hili hapa. Nilikuwa naomba nipige picha kikaango chako. Mikono tu na kikaango, uso sipigi."

"Haya piga. Ila usiondoke hivi hivi, vitumbua vya nani?"

Unapiga. Mwanga wa asubuhi ukitokea nyuma ya moshi, moshi unang'aa, mafuta yanametameta kwenye yale mashimo ya kikaango, mkono wenye kijiti unageuza. Unamwonyesha picha kwenye kioo, unanunua vitumbua, unaondoka. Kesho utakaribishwa.

Watoto usiwapige bila mzazi kuridhia, hata wakikuzunguka wakipaza sauti "tupige, tupige". Watakuzunguka kweli, kwa ajili ya mbwa. Wengine wanamwogopa na wakiogopa wanaokota mawe. Mweke mbwa nyuma ya miguu yako, waambie wamtazame kwa mbali, ondoka mapema.

Nchi sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata bila sheria, picha ya mtu anayetambulika isiwekwe mtandaoni bila yeye kujua. Akikataa, mwambie asante na uende. Usimpige kwa kujificha baada ya kukatazwa, mtaa unaona.

## Hatua ya 9: Picha ya mbwa mwenyewe

Chuchumaa hadi kamera ilingane na macho yake. Ukimpiga kwa juu anakuwa kichwa kikubwa na miguu mifupi. Gusa jicho lililo karibu nawe ili fokasi ikae hapo. Piga picha kadhaa mfululizo, kisha uchague moja. Kumfanya asimamishe masikio, toa mlio mdogo wa ajabu kwa mdomo. Unafanya kazi mara mbili, ya tatu anakuona mjinga.

## Hatua ya 10: Ukirudi nyumbani

Mpe maji kwanza, kagua nyayo zake kama kuna mwiba au kipande cha chupa, hasa mkitoka ufukweni. Ndipo ukae na simu.

Futa bila huruma siku hiyo hiyo. Picha 40 za mnazi ule ule hutazitazama kamwe. Baki na tatu au nne. Nyoosha zilizopinda, ongeza mwanga kidogo ikihitajika, na uache hapo. Vichujio vinavyoifanya bahari ya Tanga iwe ya bluu ya rangi ya dukani vinawadanganya wasiokujua tu.

Ukituma kwa WhatsApp, picha hupunguzwa ubora. Chagua ubora wa juu kabla ya kutuma, au itume kama hati. Itakula bando zaidi lakini itafika nzima. Na kabla hujaweka mtandaoni picha za mlango wako na mbwa wako wa ulinzi, zima kumbukumbu ya mahali kwenye mipangilio ya kamera. Hakuna haja ya kumwelekeza mtu usiyemjua hadi getini.

## Mambo yakienda mrama

Mbwa koko wametokea, wawili watatu. Simu mfukoni. Usikimbie. Fupisha kamba, geuka taratibu, rudi ulikotoka bila kuwakazia macho. Ukiinama tu kama unaokota jiwe, wengi hurudi nyuma.

Mbwa amemuuma mtu, au wewe umeumwa. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, hata kidonda kikiwa kidogo. Usiweke mafuta wala majani. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili, karibu hakuna anayepona.

Picha zote zina ukungu hata baada ya kufuta lenzi. Angalia kifuniko cha simu. Vingine vinaziba ukingo wa lenzi. Kama ulitoka chumbani penye kiyoyozi, kioo kimeingia umande. Subiri dakika chache.

Simu imeingia mchanga. Usifute. Pulizia kwanza, gonga taratibu, ndipo upitishe kitambaa. Mchanga ukisuguliwa juu ya lenzi, huo mkwaruzo ni wa kudumu.

Mtu amekasirika kwamba umempiga picha. Usibishane kama ulikuwa na haki. Mfungulie picha, ifute akiona. Kisha fungua na folda ya zilizofutwa, ufute na humo, maana simu nyingi huziweka siku 30, na siku hizi kila kijana wa kijiweni analijua hilo.